Nilivyopata mati ya kueleweka kwenye ka-Land Rover kangu, Mwanza hapa

Wanaojenga modeli za plastiki wanajua, rangi kukaa vizuri ni kazi moja, kuifanya ising'ae, yaani iwe mati, ni kazi nyingine kabisa. Mi nilikuwa na Land Rover ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, saizi ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko gari lenyewe), ile ya jeshi la Waingereza inaitwa Pink Panther, nikasema pinki siitaki hata kidogo, naipiga kijani kilichochoka kama ile mzee wangu aliyokuwa anaendesha njia ya Magu kwenda Musoma. Ile gari hakuna siku niliiona inang'aa hata ikiwa imetoka kuoshwa. Sasa yangu nimeshapiga klia (vanishi isiyo na rangi), stika za maji zimekaa poa (stika zinataka sehemu laini, ukibandika juu ya rangi ya mati hewa inabaki chini na inaonekana), ila gari lote linawaka kama sufuria mpya. Toy ya dukani kabisa.

Vifaa vyangu vya kawaida tu, eabrashi (kile kibomba kidogo cha kupulizia rangi) ya sindano ya milimita 0.3 na kompresa ya friji aliyonifungia fundi mmoja wa Mabatini, kimya kabisa, hata mtoto akilala haamki. Klia ya Tamiya X-22, na fleti bezi yao X-21, ile unayoichanganya kidogo kwenye klia ili iwe mati.

Mara ya kwanza nikapuliza, nikasubiri, ikakauka, bado inang'aa. Nikaongeza, inang'aa zaidi! Siku ya pili ndo nacheki kichupa cha fleti bezi kwenye mwanga, kumbe mzigo wote umelala chini kama uji ulioganda na juu kuna maji maji tu, na mi nilikuwa nachota juu. Ule unga wa chini ndo mati yenyewe, ni chembe ndogo sana za silika zinazofanya uso uwe na vijimwinuko usivyoviona kwa macho, mwanga ukipiga unatawanyika hovyo badala ya kurudi kama kwenye kioo. Kutikisa kwa mkono hakutoshi, mi sasa hivi nakoroga na kijiti cha mshikaki mpaka nisikie chini hakuna kitu kinachonata, halafu ndo natikisa.

Basi nikakoroga, tena kwa hasira nikamimina nyingi, nikaamka saa 12 asubuhi nipulize kabla ya kwenda kazini. Ilikuwa Aprili, masika yenyewe, ukungu umetanda ziwani hata mawe ya Bismarck huyaoni. Asee ile gari ilikauka nyeupe! Kama mtu kaimwagia unga wa muhogo.

Nikaibeba kwenye boksi la viatu mpaka Nyakato kwa fundi rangi wa magari. Akaigeuza, akaisugua kidogo na kidole gumba, akauliza, "Kaka, hii ulipuliza saa ngapi?" Nikamwambia. Akacheka, "Imekula maji hii." Thina niliyotumia ilikuwa ile ya haraka, inaruka upesi sana na ikiruka inapoza pale ulipopuliza, sasa hewa ikiwa na unyevu maji yanatua juu ya klia kabla haijakauka, ndo huo weupe. Wao siku za mvua wanasubiri jua au wanaweka thina ya polepole. Halafu akauliza kama kagari kanatembea, nikamwambia hakatembei, akanirudishia kwa huruma.

Sikutaka kumwamini moja kwa moja kwa sababu nilijua na mimi nilizidisha fleti bezi. Nikachukua vijiko vya plastiki vilivyobaki kwenye kipaimara cha mpwa wangu, nikaandika kwenye mpini kwa maka pen saa na idadi ya matone. Mchanganyiko uleule, matone 10 ya klia kwa 2 ya fleti bezi, cha asubuhi kikapata ukungu, cha saa 8 mchana kikatoka safi, mati nzuri kama ganda la yai. Ila cha matone 5 ya fleti bezi kilitoka cheupe hata mchana wa jua kali. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi na mimi pia, makosa yalikuwa mawili kwa pamoja.

Kuiokoa gari haikuwa ngumu nilivyoogopa. Nilipiga klia tupu, nimetia thina ya polepole, pasi moja yenye majimaji, na weupe ukapotea mbele ya macho yangu, kijani kikarudi. Nikaiacha siku nzima. Kesho yake mchana nikafungua koki ya kichujio cha kompresa kwanza, yakatoka maji karibu kizibo cha soda (hayo nayo yalikuwa yanaenda kwenye rangi!), presha psi 15 mpaka 18, umbali kama sentimita 12, pasi nyembamba nyembamba. Nikipiga pasi naiinamia kwa pembeni kuangalia mwanga, ule umajimaji upotee ndani ya sekunde chache, ukikaa muda umemimina sana na itang'aa. Ukienda mbali nako inafika imeshakauka hewani, boneti yangu ilitoka kama msasa kwa sababu hiyo, nikaisugua na kipande cha suruali ya jinzi kuukuu ikalainika. Na vaa barakoa ya fundi rangi ile ya mkaa, dirisha wazi, usijifanye mgumu.

Ukimaliza osha eabrashi hapohapo, ule unga ukikaukia kwenye ncha utalia.

Sasa hivi mezani kuna mtumbwi wa dagaa nimeuchonga mwenyewe, umeshapakwa unasubiri mati tu, lakini toka juzi wingu limekaa upande wa Ukerewe na vijiko viwili nilivyojaribu vyote vimetoka na ukungu, kwa hiyo upo chini ya beseni usishike vumbi.