Kiti cha Sentimita 39

Jumamosi, tarehe 20 Desemba

Mwezi wa nane nilipokuwa nyumbani Wundanyi, nilifungua kabati la sebuleni nikitafuta sahani kubwa, nikakutana na zawadi zangu. Karibu zote. Bilauri sita za Krismasi ya mwaka juzi zingali kwenye boksi lake. Taulo mbili za mwaka uliotangulia, na utepe mwekundu wa supamaketi haujafunguliwa. Kopo la biskuti ambalo siku zake za kuliwa zilikwisha kitambo. Nilipomuuliza Mama, alijibu kutoka jikoni bila hata kugeuka, "Hivyo vya wageni."

Wageni gani hao, Mama? Mchungaji mwenyewe akija hunyweshwa chai kwa kikombe cha bati.

Sikuudhika. Niliona haya, maana najua nilivyovinunua. Tarehe 23 jioni, foleni imefika hadi kwenye friji za maziwa, mimi natupa vitu kwenye toroli huku nikihesabu vichwa: Mama, dada, shemeji, mjomba, watoto watatu. Saba. Vikitimia saba, kazi imekwisha. Sikuwa nikimfikiria mtu yeyote kati ya hao saba. Nilikuwa nikifikiria foleni.

Basi mwaka huu nilianza Oktoba, na sikuanza kwa kununua. Kila Jumapili nikipiga simu nyumbani nilikuwa na daftari la hesabu za nyumba pembeni, ukurasa wa mwisho. Watu husema wanachokihitaji bila kuomba, ila husema katikati ya mambo mengine, na ukiwa unaosha vyombo huku simu iko begani kitakupita. Dada alilalamika kwamba mfuko wake wa sokoni umekatika mkono tena. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, hii mingine laini ya rangi rangi haimalizi mwezi kwake, maana yeye hubeba viazi kama mwanamume. Mjomba panga lake limenolewa hadi limebaki kama kisu cha mkate. Na Mama, siku moja akipukuchua mahindi, alisema, "Hiki kigoda kitaniua. Kukaa si kazi. Kazi ni kuinuka."

Nikaandika: kiti.

Mafundi seremala wa Ngong Road, hapa Nairobi, nimewapita miaka mingi nikiwa dirishani mwa matatu. Vitanda, makabati, viti vya kubembea, vyote vimepangwa kando ya barabara vikila vumbi. Sikuwahi kushuka. Nilishuka Jumamosi ya pili ya Novemba, nikamwambia kijana mmoja nataka kiti kifupi chenye egemeo, cha mama mzee. Nilitarajia atanitajia bei. Badala yake aliniuliza, "Anatoka wapi hadi wapi?"

"Wundanyi."

Akacheka hadi akaweka randa chini. "Hapana, madam. Kutoka chini hadi nyuma ya goti."

Sikujua. Miaka thelathini na sita nimekuwa binti yake na sijui goti lake liko wapi. Nikapiga simu pale pale, akapokea mpwa wangu wa darasa la nne. Nikamwambia amsimamishe Bibi karibu na ukuta, achukue rula yake ya shule, apime kutoka sakafuni hadi pale mguu unapokunjika. Nikasikia Mama akiuliza kwa nini anapimwa kama jeneza, na mtoto akimwambia atulie. Kisha: "Shangazi, rula imeisha!" Weka alama na penseli, nikamwambia, halafu endelea. "Thelathini. Halafu tisa."

(Ndiyo, ananiita shangazi ingawa mimi ni mama yake mdogo. Nimechoka kumrekebisha.)

Fundi akaandika 39 kwenye kipande cha mbao kwa penseli iliyokuwa sikioni. Ndipo akaanza maswali mengine. Magoti yanamuuma yote au moja? Akiinuka hushika wapi? Sakafu ni simiti au udongo? Akaniambia egemeo peke yake halitamsaidia, kinachomwinua mtu ni mikono, kwa hiyo tuweke mikono miwili na tuipige duara kwa mbele ili kiganja kishike vizuri. Tukakubaliana shilingi 3,200, dipoziti nusu ya kununulia mbao, nusu nikija kuchukua. Ningekwenda na pesa zile zile dukani ningerudi na seti ya vikombe.

Kuhusu hizo bei nina jambo la kukiri. Mimi ni mtu wa kushindania bei. Nimelelewa hivyo, Mama mwenyewe anaweza kusimama juani nusu saa kwa ajili ya shilingi kumi. Lakini nilipokwenda Kariokor kumtafutia dada kiondo, nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya gunia, kiondo kikiwa kimefika nusu, kamba za mkonge zimemwagika mapajani mwake kama nywele. Alikuwa akizungusha nyuzi mbili, anapitisha, anakaza, anapitisha, anakaza. Nilimtazama kwa muda wa kutosha kuona amepiga mzunguko mmoja tu. Mmoja. Nikamuuliza kimoja humchukua muda gani, akasema ukubwa huo ni kama wiki tatu akichanganya na kazi za nyumbani. Bei aliyonitajia nilikuwa tayari nimeshaifungulia mdomo. Nikaufunga. Kisha nikapiga hesabu ya kilo za viazi ambazo kiondo kile kitabeba, nikalipa, nikaongeza na za fundi wa pembeni anayeshonea mikono ya ngozi.

Hata hivyo sijawa mtakatifu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Maasai Market pale kando ya majengo ya mahakama, na kijana mmoja alinifuata na kikapu akitaka anizungushe, ati yeye ndiye anayewajua wenye vitu. Huyo nilishindana naye bila huruma hadi akaniacha. Dalali ataongeza chake juu, na aliyechonga twiga habari hana.

Wachuuzi wa Nairobi hukuitia kwa neno moja: "Kastoma, nipromoti!" Zamani lilinichekesha. Siku hizi naona limebeba jambo ambalo mimi sikulielewa nilipokuwa nikijisifu kwamba ninawasaidia wafanyabiashara wadogo. Hajasema nisaidie. Ana kitu, anataka ukinunue. Yule fundi wa Ngong Road hahitaji nimwonee imani. Anahitaji nimwagize Novemba badala ya kumjia tarehe 22 nikitaka kiti kesho, nimpe dipoziti ya mbao, na siku ya kuchukua nisianze kumwambia nimebakiwa na 1,000 tu. Hayo ndiyo yote. Lakini ukiuliza mafundi, watakuambia ni wangapi huwaachia kazi iliyokwisha, na ile kazi ya kipimo cha mtu mmoja atamuuzia nani?

Wala wadogo wote si malaika, nisije nikawadanganya. Mwaka jana nilinunua mishumaa yenye harufu nzuri kutoka kwa msichana fulani anayeuza mtandaoni. Alinihakikishia itafika mapema, nikaipata siku tatu baada ya alivyoahidi, na simu zangu hazikupokewa. Hilo ni lake. La kwangu ni kuituma kama mzigo kwenye basi la kwenda Voi mwezi wa Desemba. Anayelijua joto la Voi anacheka sasa hivi. Ilifika ikiwa bonge moja la rangi ya waridi lenye tambi nne. Mama hakulitia kabatini, maana halikufaa kwa wageni. Hulichomea tambi mojamoja stima ikipotea, na anasema hakuna zawadi aliyoitumia kama ile.

Mwaka huu nasafiri nazo mwenyewe kwa treni, ile ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati. Tiketi nilikata mapema kwa simu kabla nauli za mabasi hazijaanza kupanda kama kawaida ya Desemba. Nilijiona mjanja sana hadi jana usiku, nilipokuwa nikipanga mizigo na kufikia panga la mjomba. Panga zuri, nililipata Kamukunji, limefuliwa kwa springi ya gari kuukuu, na mpini wake umepigwa misumari mitatu ya shaba. Nimelifunga kwa gazeti na kulitia utepe. Ndipo nikakumbuka ule mstari wa mizigo pale stesheni, mabegi chini, mbwa wananusa, kisha mashine. Vyenye makali haviruhusiwi ndani ya treni. Nilijiona nikimweleza askari kwamba hii ni zawadi ya Krismasi, utepe si huu hapa.

Basi leo asubuhi nimepeleka panga kwenye basi, peke yake, kama abiria. Halitayeyuka.

Na jioni nimekwenda Ngong Road. Kiti kilikuwa tayari tangu Alhamisi, kimefunikwa gunia kisipate vumbi. Fundi amepiga msasa hadi mbao imekuwa kama ngozi ya mtoto, mikono imekuwa duara kwa mbele kama alivyosema. Nilimalizia nusu yangu, tukapigana picha na kiti. Alipokigeuza nione viungo, chini yake kulikuwa na maandishi ya penseli: 39, Mama. Akachukua kipande cha msasa ili afute. Nikamwambia aache.

Ninaandika haya nikiwa nimekikalia. Kwangu ni kifupi kidogo.