Macho yangu baada ya kemo, na jinsi nilivyorudi kwenye mizani ya korosho

Juni 2023 majirani zangu hapa Newala waliamini kwamba nalia mchana kutwa. Nakaa barazani namenya ming'oko, kanga begani, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, na kila anayepita lazima asimame. "Pole mama, usilie, Mungu yupo." Siku moja mama mkwe wangu alitoka jikoni akamkuta mgeni amenishika mkono naye analia, tumekuwa wawili. Nilishindwa hata kumweleza yule mgeni kwamba wakati ule moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, ila macho tu.

Machozi yale yalikuwa ya dawa, na mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimepasuliwa titi la kushoto kwa ajili ya saratani Novemba 2022, na Januari 2023 nikaanza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, Dar es Salaam: mizunguko minne ya ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wote tunaiogopa, halafu minne ya dosetakseli, kila baada ya wiki tatu. Niliandaliwa kwa habari ya nywele, kutapika, vidonda vya mdomoni na kucha kuwa nyeusi. Kuhusu macho sikumbuki kuambiwa kitu. Inawezekana niliambiwa siku ambayo kichwa hakikushika chochote.

Nywele nilizililia mapema, binti yangu akaninyoa uani yakaisha. Kope sikuzifikiria. Zilianza kudondoka kwenye mzunguko wa tatu, nyingine zikiangukia ndani ya jicho na kuchoma, na baada ya wiki chache sikuwa na hata moja. Ndipo nikafahamu kazi ya kope. Vumbi letu jekundu la huku juu likawa linaingia moja kwa moja. Mwezi Juni ndio watu wanaanza kupulizia salfa mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, na salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Wengine wanasikia harufu tu. Mimi nilikuwa naamka na macho mekundu kama nimetiwa pilipili. Tukawa tunafunga madirisha ya upande wa shamba tangu usiku, na sitoki nje mpaka jua lipande. Mume wangu akaninunulia miwani myeusi mipana inayofunika mpaka pembeni. Siivui nje mpaka leo, na wanaodhani ni mapambo siwajibu.

Jirani mmoja aliyekuwa ananyonyesha alikuja na maziwa yake kwenye kikombe kidogo ili nidondoshee machoni. Alikuja kwa upendo, na kwa kweli ni dawa ya bibi zetu. Lakini chembe nyeupe zangu za damu zilikuwa chini mno wakati ule, na nesi alishanionya kwamba kijidudu kidogo tu kinaweza kunilaza wodini. Nikampokea kikombe, nikamshukuru, sikutia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilinichanganya zaidi ya machozi. Kila mzunguko wa dosetakseli nilipewa vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kuzuia mzio na uvimbe, vya siku tatu, kuanzia siku moja kabla ya dripu. Siku hizo na chache zinazofuata nilikuwa naona ukungu, maandishi ya simu yanacheza. Nikaenda sokoni nikanunua miwani ya kusomea, nikaijaribu palepale kwa kusoma pakiti ya chumvi, ikanifaa. Baada ya wiki moja haikunifaa tena, inanipa kichwa. Mzunguko uliofuata nikamwambia nesi, akanitoboa kidole: sukari ilikuwa imepanda. Kumbe dawa hizo hupandisha sukari, na sukari ikipanda na kushuka lenzi ya jicho nayo inabadilika umbo. Akaniambia nisinunue miwani yoyote mpaka matibabu yaishe na macho yatulie miezi kadhaa. Fedha yangu ilikuwa imeshakwenda, ila nawaambia wenzangu: ukiwa katikati ya kemo, miwani ya leo si ya mwezi ujao.

Kuhusu machozi, aliyenieleza ni daktari wa macho mjini Mtwara, baada ya mzunguko wa mwisho. Alivuta kope la chini akanionyesha kwa kioo kitundu kidogo kwenye pembe ya ndani, karibu na pua, kama tundu la sindano. Hapo ndipo machozi ya kila siku yanapoingia na kushukia puani bila sisi kujua. Dosetakseli inatoka mpaka kwenye machozi yenyewe, inachubua mfereji ule, unavimba na kubana. "Mama, hulii kupita kiasi," alisema. "Mfereji wako ndio umeziba, maji hayana pa kwenda." Nilitaka kumkumbatia. Akausafisha kwa maji ya chumvi kwa kijibomba chembamba, nikayasikia yakifika kooni, yana chumvi kidogo. Alisema ningewahi mapema ingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu kovu likishakaa ndani, wengine huhitaji kuwekewa kimrija, au hata upasuaji. Kwangu yalipungua taratibu, kufika Septemba yakakauka.

Yakakauka kupita kiasi, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Msimu wa korosho ukifika Oktoba, mkulima analeta magunia yake ghalani, yanapandishwa kwenye mizani, mimi nasoma kilo na kuandika stakabadhi. Kutokana na karatasi ile ndipo mtu analipwa baada ya mnada. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mwezi wa nane, nimeanza tamoksifeni, vidonge vya kila siku vya kuzuia saratani isirudi, na nilikuwa na hamu ya kurudi kazini kuliko hamu ya kitu kingine chochote. Nilitaka tena kuitwa "karani" badala ya "mgonjwa".

Wiki ya pili, saa kumi jioni, mzee mmoja alileta gunia lake la mwisho. Mizani yetu inaonyesha namba nyekundu za mwanga. Nilisoma 63, nikaandika 63. Kijana mbebaji aliyekuwa bado ameshika gunia akasema polepole, kwa adabu, "Mama karani, angalia tena." Nikapepesa macho, nikapepesa tena. Ilikuwa 68. Kwenye namba zile tofauti ya 3 na 8 ni vijistari viwili tu, na macho yangu yalikuwa yamevila. Kilo tano za mzee wa watu, jasho la mwaka mzima. Yeye mwenyewe hajui kusoma; alikuwa ananitazama kwa imani. Nilimwomba radhi palepale mbele ya watu, nikafuta, nikaandika upya na kusaini pembeni.

Usiku ule sikulala. Mgonjwa mwenzangu wa Lindi aliwahi kuniambia kwa simu kwamba tamoksifeni inakula macho, na karatasi ya ndani ya boksi kweli ilitaja macho. Nikaamua mwenyewe kuacha. Siku tisa sikumeza, na sikumwambia mtu. Nalisema hili wazi kwa sababu najua siko peke yangu, na kwa sababu katika safari yote hii ndilo kosa ninalojutia.

Siku ya kumi nikaona siwezi kuendelea na siri ile, nikapanda gari kwenda Mtwara na binti yangu. Daktari hakunigombeza. Aliweka kijikaratasi chembamba ndani ya kope la chini, akanifumbisha macho dakika tano, akakipima kwa rula: kililowa milimita 4, wakati kwa jicho lenye machozi ya kutosha kinatakiwa kivuke 10. Akanitia dawa ya kupanua mboni, akachungulia nyuma ya jicho kwa taa, muda mrefu, kimya. Nikawa nasali. Kisha akasema kule nyuma ni safi. Tamoksifeni kweli inaweza kuacha vichembe vinavyong'aa kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, au kuvimbisha sehemu ya katikati tunayoitumia kusomea, na inaweza kuchangia mtoto wa jicho. Lakini kwa miligramu 20 kwa siku madhara ya retina ni nadra, na ndiyo sababu anataka aniangalie mara kwa mara. Kilichonifanya nisome 63 kilikuwa ukame. Kemo ilinisimamishia hedhi nikiwa na miaka 44, na homoni zikishuka ghafla jicho nalo hukauka. Ukiongeza umri wenyewe wa kuanza kushindwa kusoma vitu vya karibu, na mwanga wa jioni, namba hazikai. "Dawa hii inalinda uhai wako," alisema. "Ukiona jambo, njoo. Usiiache peke yako." Nikaanza kumeza tena usiku uleule.

Anayekwenda kupimwa hivyo asiende peke yake. Mboni zikipanuliwa jua la mchana ni kama kisu, na kusoma hukuwezi kwa saa kadhaa. Binti yangu alinishika mkono mpaka stendi.

Niliporudi nilikaa na katibu na mwenyekiti wa chama, nikawaeleza yote bila kuficha. Niliogopa wataniondoa. Tukakubaliana hivi: kijana anasoma mizani kwa sauti, mkulima anasikia, mimi narudia kwa sauti, ndipo naandika. Korosho za baada ya saa tisa na nusu zinasubiri kesho, isipokuwa kama taa ya ghala inawaka. Wakulima walipenda kusikia kilo zao zikitajwa mara mbili, na taa isipowaka, korosho zikangoja kesho, hakuna aliyelalamika. Mezani nina machozi ya bandia, yale ya vichupa vidogo visivyo na vihifadhi, natia mara nne kwa siku. Asubuhi na jioni nalaza kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu juu ya macho kama dakika kumi. Kila nikimaliza ukurasa wa stakabadhi nafumba macho na kuhesabu mpaka ishirini. Miwani ya kusomea niliipima Machi 2024, macho yalipotulia, na hiyo ndiyo niliyo nayo.

Daktari alinifundisha pia kipimo cha nyumbani. Nilichukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba, nikachana ukurasa, nikaweka nukta nyeusi katikati, nikaubandika nyuma ya mlango wa chumbani. Nafunika jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, naitazama ile nukta. Halafu jicho la pili. Mistari ikipinda, au miraba ikikosekana sehemu, natakiwa kwenda hospitali. Vilevile nikiona mimweko ya ghafla, vijidoa vingi vinavyoelea au pazia jeusi upande mmoja, niende siku hiyohiyo, nisingoje kliniki, kwa sababu kwa mtu aliyeugua saratani ya titi yapo mambo ya jicho yasiyovumilia kusubiri.

Mei 2024 kipimo hicho kilinifaa sana. Nilikuwa na tarehe ya kliniki Dar es Salaam, kimbunga Hidaya kikaja, mvua zikakata barabara ya Lindi kule Somanga, mabasi yakakwama. Zamani ningekaa na kuwaza mpaka nizimie. Kila asubuhi nilisimama nyuma ya mlango nikatazama nukta yangu, mistari imenyooka, nikapiga simu kliniki wakanipangia tarehe nyingine.

Ule ukurasa sasa umepauka, na mjukuu ameuchorea kuku pembeni. Nimemwachia kuku wake. Nimechana mwingine, nimeweka nukta, nimeubandika juu yake kidogo.