Mtihani wa kiporo ulivyonisaidia kilo zisirudi

Nimetoka kilo 91 hadi 76, na huu mwaka wa pili unaelekea kuisha hazijarudi. Kupungua kwenyewe sina mengi ya kusimulia: nilikata soda, sukari na chipsi kama kila mtu. Kazi ilikuja baadaye, na hapo ushauri wa watu ulinichosha. "Funga mdomo, dada." "Huna nidhamu." Hata mshauri wa lishe niliyemlipa hela nzuri tu alirudia hayohayo kwa maneno marefu.

Hakuna aliyeniambia kwamba mwili uliopungua unadai ulichopoteza. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu waliopungua kwa dayati: mwaka mmoja baadaye homoni ya njaa, grelini, bado ilikuwa juu kuliko mwanzo, na leptini, inayotuliza hamu ya kula, bado iko chini. Niliposoma hayo nilipumua. Kumbe sikuwa mroho.

Lakini homoni hazikunieleza kwa nini uchu unanipanda jioni nikishuka kwenye daladala, hata siku niliyoshiba mchana. Ndipo nikabuni mtihani wa kiporo, na ninajivunia.

Kwenye friji hakikosi kiporo: ugali na mchicha, au maharage ya nazi. Hamu ikinishika najiuliza, nikikipasha nitakila? Nikiona nitakila, hiyo ni njaa, nakaa nakula kwa raha zangu. Nikiona sikitaki, nataka mihogo ya kukaanga yenye chachandu na si kingine, najua tumbo halidai kitu. Hapo natafuta kinachodai. Nimechoka? Nina hasira? Niko mpweke?

Jioni moja jibu lilinitoa machozi nimeshika mlango wa friji. Nilikuwa nimetoka kuongea na kaka kuhusu ada za wadogo zetu, na mzigo ulikuwa umeniangukia mimi tena. Nikampigia: "Shikamoo kaka. Mwezi huu sitaweza peke yangu." Hakufurahi, ila alikubali tugawane. Mihogo niliikumbuka kesho yake.

Nikikuta ni uchovu, nalala, maana kukosa usingizi nako kunaweza kupandisha grelini. Mihogo sijajikataza. Jumamosi nanunua ya buku hivi, nakula nimekaa na wanangu, bila kujificha.

Ukitaka kujaribu, kiporo kiwe chakula unachokipenda. Shoga yangu aliweka matembele ya kuchemsha yasiyo na chumvi. Kila jioni aliyakataa, akajiambia hana njaa, na kumbe anayo. Usiku wa manane akamaliza mkate mzima na siagi, akanipigia analia kwamba mtihani ni uongo. Nikamwambia, mpenzi, matembele hayo hata mimi nisingeyala. Sasa anaweka wali na maharage, na mtihani unamfanyia kazi vizuri.