Kumbukumbu ya mradi: mchi umeanza kupanda na kushuka

Fenakistiskopu ya kadibodi, yaani sahani ya michoro inayoonekana kutembea ikizungushwa, sasa inafanya kazi. Ina kipenyo cha sentimita 25, picha 12 za mtu anayetwanga, kila moja nyuzi 30 kutoka kwa mwenzake, na mipasuo 12 niliyoikata ukingoni kwa wembe. Upande wa nyuma nimeupaka wino mweusi tii. Unasimama mbele ya kioo, picha zikikielekea, unachungulia kwa nyuma kupitia mipasuo, kisha unaizungusha sahani kwa kidole. Mchi unapanda, unashuka, unapanda tena. Nimeitazama mpaka macho yakachoka.

Hasa nilitaka kujionea kazi ya mpasuo. Ukiitazama sahani hiyohiyo kiooni bila kuchungulia, humwoni mtu wala mchi, ila mkanda wa kijivu uliovurugika. Tumezoea kusoma kwamba jicho hubaki na picha kidogo baada ya picha yenyewe kupita, na hapo ndipo mwendo unapozaliwa. Ingekuwa hilo peke yake, basi mkanda ule wa kijivu ndio ungekuwa sinema! Mpasuo huliruhusu jicho kuona kwa muda wa kufumba na kufumbua tu, kisha kadibodi inaziba, na picha inahama jicho likiwa gizani. Anayeunganisha ni ubongo. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha majaribio yake kuhusu mwendo wa aina hii mwaka 1912.

Upana wa mpasuo ndio umenichukulia muda mwingi. Wa milimita 2 unatoa mchi wenye ncha kali, lakini giza linazidi hadi ukae dirishani penye jua. Wa milimita 5 una mwanga wa kutosha, ila mikono inaingia ukungu. Nimebaki na 3. Nimechora pia sahani yenye picha 13 kwa mipasuo 12, na hapo mtu anatwanga huku anasogea, anaizunguka sahani yote.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliandika mwaka 1831 kwamba gurudumu lenye meno likizungushwa mbele ya kioo, ukalichungulia kati ya meno yake, huonekana limesimama. Joseph Plateau, Mbelgiji, akaweka picha kwenye gurudumu la namna hiyo mwishoni mwa 1832, na hiyo ndiyo fenakistiskopu. Simon Stampfer wa Vienna akafikia jambo hilohilo kivyake karibu wakati huo. Inaniuma kwamba Plateau alipofuka kabisa mwaka 1843. Hata hivyo hakuacha sayansi: aliendelea kuchunguza mapovu ya sabuni, wengine wakiwa macho yake.

Sasa nimeanza zoetropu, pipa la mipasuo alilolibuni William Horner wa Bristol mwaka 1834. Hili halihitaji kioo, na watu kadhaa wanaweza kulizunguka wakatazama pamoja. Kwa kuwa mpasuo wa mbele na picha ya upande wa pili huenda kinyume, picha huonekana nyembamba, kwa hiyo mtu wangu namchora mnene kuliko anavyotakiwa kuonekana. Baadaye nitajaribu praksinoskopu ya Émile Reynaud ya 1877, iliyoondoa mipasuo na kuweka vioo katikati. Yeye ndiye aliyewaonyesha watu wa Paris michoro inayotembea ukutani Oktoba 1892, miaka mitatu kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema yao.

Kopo la maziwa litakalokuwa pipa la zoetropu limeshapakwa rangi nyeusi kwa nje, mipasuo imepimwa. Natafuta beringi ya baiskeli ili lizunguke bila kuyumba.