Nilivyochora ramani ya Fort Jesus ya kufungulia kwenye simu

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Mombasa, wengi wao familia kutoka bara na watoto wa shule, na sehemu ambayo haikosi kwenye ratiba ni Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Wareno. Mwaka juzi nilipeleka shule moja, watoto 43 na walimu 3, tukagawana makundi humo ndani, saa ya kutoka tunahesabu, tuko na watoto 41. Wallahi tumbo lilinikata. Tumezunguka karibu nusu saa, mwalimu mmoja yuko mlangoni machozi yanamlenga, kumbe wale wawili wameshuka ile njia ya matao, ile iliyochongwa kwenye mwamba wa matumbawe kuelekea baharini, wamekaa huko kivulini wanatungojea sisi. Mimi ndiye niliyewaambia "tukutane chini". Chini kwangu ilikuwa uwanja wa katikati, maana nilisema hivyo tukiwa juu ukutani, na wao wakafuata neno lenyewe, wakashuka mpaka pale ambapo hakuna tena pa kushuka. Hawakukosea.

Siku hiyo usiku sikulala vizuri, nikaamua nitatengeneza ramani ya humo ndani ambayo mgeni ataifungua kwenye simu yake mwenyewe. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja, ikachukua miezi minne.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato, nifungue ramani ya kawaida kwenye simu nifuate kile kidoti cha bluu. Uwanjani kinaenda sawasawa. Ukiingia chumbani au ukipita chini ya tao kinaanza kuruka, mara kiko nje ya ukuta, mara kiko baharini kabisa. Nikasoma nikaelewa kwamba mawimbi ya GPS yanatoka kwenye satelaiti zilizo kama kilomita 20,000 juu, yakifika huku yameshachoka, paa linayazuia na kuta nene zinayarusha huku na huku. Hata mahali peupe kabisa simu inakosea kama mita 5. Barabarani mita 5 si kitu, lakini ndani ya ngome mita 5 ni chumba kingine, au ni wewe uko juu ya ukuta na ramani inasema uko chini yake.

Kuna majumba ya makumbusho ya nchi nyingine yanaweka vidude vidogo vya bluetooth ukutani, simu inavisikia inajua iko chumba gani. American Museum of Natural History kule New York wao walitoa programu ya simu ya kuelekeza wageni tangu 2010, ingawa ya mwanzo ilitumia Wi-Fi. Lakini vile vidude vinataka betri kubadilishwa, vinataka mtu wa kuvisimamia, na hii ni ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, mimi ni nani nikagonge msumari hata mmoja pale. Basi nikaamua ramani yangu haitagusa ukuta wowote na haitategemea kidoti. Itategemea macho ya mgeni.

Kuchora kwenyewe nilifanya hivi. Umbo la nje nililifuata kutoka picha ya satelaiti kwenye programu ya JOSM, ile watu wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, wanayotumia, ni ya bure ila inataka laptopu na subira. Vyumba vya ndani satelaiti haivioni kwa hiyo nilipima kwa miguu. Niliazima tepu kwa fundi mmoja jirani, nikapima mita 10 barabarani kwetu nikatembea mara kadhaa, nikapata wastani wa hatua 14, yaani hatua yangu moja ni kama sentimita 71. Halafu kila nikienda na wageni nafika saa moja kabla yao, nalipa tiketi yangu, natembea nahesabu naandika kwenye daftari. Eneo lote ni hekta 2.36 tu, ukisikia hivyo unaona dogo, subiri uanze kuhesabu hatua za kila pembe ndio utajua. Kona za buruji, yaani zile sehemu za ukuta zinazochomoza kwenye pembe za ngome, zilinisumbua sana maana hakuna pembe mraba hata moja, zote zimeinama makusudi ili mizinga ya ukuta mmoja ilinde ukuta wa pili. Vipimo vyangu vilikataa kufunga mara tatu, yaani nikizungusha mchoro mstari haurudi pale ulipoanzia, na kila mara kosa lilikuwa langu, nilikuwa nalazimisha pembe mraba.

Tatizo kubwa kuliko yote likawa lile lile la wale watoto: juu na chini. Ramani ni kitu bapa na ngome si bapa. Kuna juu ya kuta, kuna usawa wa uwanja, kuna njia inayoshuka kwenye mwamba. Watu wa OpenStreetMap wana utaratibu wao, kila chumba unakipa namba ya kiwango, 0 ni usawa wa kuingilia, 1 ni juu yake, -1 ni chini yake. Nikafuata hivyo kwenye kuchora, lakini nilipompa mdogo wangu aijaribu akaniuliza, "Kaka, huku hasi moja ndio wapi?" Nikaona hapana, hii ni lugha ya mchoraji. Nikabadilisha ikawa rangi tatu na maneno matatu, Juu Ukutani, Uwanjani, na Kuelekea Baharini. Neno "chini" nimelitoa kabisa kwenye ramani, na hata mdomoni nikiwa na wageni silitumii tena.

Jambo la pili ni upande wa kuielekeza. Ramani ya kwanza niliweka kaskazini juu kama tulivyofundishwa shule, wageni wakiingia mlangoni wanaanza kuzungusha simu, na simu nayo inajizungusha, vurugu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Marvin Levine aliandika mwaka 1982 kuhusu zile ramani za "uko hapa", akaonyesha kwamba ramani ikiwekwa tofauti na unavyotazama mbele, watu wanapotea hata kama imechorwa sawa. Kwa hiyo nikaigeuza, mlango wa kuingilia uko chini ya skrini, na kinachokuja mbele yako kiko juu. Maswali ya "sasa twende wapi" yalipungua siku hiyo hiyo.

Na kitu kilichonisaidia ambacho hakihitaji hata simu ni hadithi ya waongozaji wa siku nyingi, kwamba ngome ukiitazama kutoka juu ni kama mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Mchoraji wake Cairati alikuwa Mwitaliano, na zama zake waliamini vipimo vya mwili wa mtu ndio vipimo vya uzuri. Nikamchora yule mtu kwa mstari mwembamba nyuma ya ramani. Watoto wanalishika hilo haraka mno, unamsikia mmoja anamwambia mwenzake twende kichwani tukaone bahari.

Majina niliyafikiria sana. Niliandika Nyumba ya Waomani nikaweka kwamba iko kwenye buruji la São Filipe, Njia ya Matao, chumba cha makumbusho chenye vitu vya ile meli ya Wareno ya Santo António de Tanná iliyozama hapo mbele mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa. Nikadhani nimemaliza. Kisha siku moja nikamleta babu wa rafiki yangu, mzee wa Mji wa Kale, baada ya shikamoo na marahaba nikampa simu aiangalie, akaitazama weee, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuandika Gereza?" Kwa wazee wetu pale ndipo Gereza, neno lenyewe limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa, na kweli Waingereza walipafanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Nikaliongeza siku ile ile, liko juu kabisa, chini ya jina la ngome.

Babu huyo huyo ndiye aliyenifanya nichore njia ya watu wenye magoti mabovu. Tulitembea pole pole naye anasimama kila penye kidato, mimi natia alama. Sasa kuna mstari wa kijani, ukiufuata hukutani na ngazi, huoni kila kitu lakini unaona vingi, na nimetia alama za kivuli na mahali pa kukaa maana jua la saa saba pale si mchezo.

Mwanzo ramani ilikuwa ya kufunguka kwa intaneti kupitia msimbo wa QR kwenye kadi ya kuvaa shingoni. Wengi wakawa hawana bando, au ikifika katikati inazunguka tu. Sasa naituma WhatsApp usiku wa kuamkia safari ikiwa picha moja nyepesi, na kadi nimebakisha kwa watoto, kila kikundi cha watoto watano kadi moja, nyuma imechapishwa ramani ile ile na mahali pa kukutana pamezungushwa kwa rangi nyekundu, kando ya mzinga ambao hata mtoto wa darasa la pili anauona kutoka mbali.

Daftari bado natembea nalo. Kila swali la "iko wapi" naliandika na mahali mtu aliposimama akiuliza, maana pakirundikana maswali najua hapo ramani yangu ina kasoro. Mwezi uliopita yamerundikana pale unapotoka Nyumba ya Waomani, watu saba siku mbili, wote wanauliza choo. Jumamosi naenda tena na tepu.