Doa la kwapani: ninavyolizuia na kulitoa huku kwenye baridi ya Mbeya

Asiyekaa huku nyanda za juu anadhani mtu wa Mbeya hatoki jasho. Anatoka, tena kwapani hasa, na baridi ndiyo inayochangia. Asubuhi ya Juni pale Uyole unaondoka nyumbani na singlendi, shati, sweta, na jaketi juu yake. Ndani ya daladala madirisha yote yamefungwa na watu wamebanana. Ikifika saa nne jua limeshawaka Mwanjelwa, na wewe bado zipu iko shingoni. Jasho halina pa kwenda chini ya nguo zote hizo, linabaki kwenye shati, linakaukia hapo hapo. Iringa ni vilevile kwa anayepanda kilima kwa miguu kutoka Ipogolo kwenda mjini.

Mimi navaa mashati meupe siku nyingi za wiki. Nimejaribu karibu kila kinachosemwa mtaani kuhusu madoa haya, na naandika yale yanayofanya kazi, na yale yanayoharibu nguo ili usiyarudie.

Kwanza ulijue doa lenyewe. Chukua shati jeupe la muda mrefu, ligeuze ndani nje, lisogeze dirishani. Kwapani utaona mwezi mchanga wa rangi ya njano, na ukipapasa kwa kidole gumba kitambaa ni kigumu kama kilichotiwa wanga. Jasho peke yake halifanyi hivyo. Jasho karibu lote ni maji na chumvi; la kwapani linaongezewa protini na mafuta kutoka kwenye tezi za pale, na bakteria wakiyala ndipo harufu inapotokea. Ule ugumu na unjano mwingi hutokana na chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye roloni za kuzuia jasho, zikishikana na jasho na mabaki ya sabuni ndani ya nyuzi. Kwa hiyo dawa ile ile unayopaka kulinda shati ndiyo inayolichafua, ukiipaka vibaya.

Na wengi tunaipaka vibaya. Tunatoka kuoga, tunajifuta harakaharaka, tunapaka mistari minne mitano, tunavaa shati hapo hapo. Nusu ya dawa inaishia kwenye kitambaa. Roloni ya kuzuia jasho hufanya kazi kwa kuziba kwa muda midomo ya vijitundu vya jasho, na huziba vizuri pale ngozi ikiwa kavu na jasho likiwa dogo, yaani usiku. Mimi napaka kabla ya kulala, kwapa likiwa limeoshwa na kukauka kabisa, mapito mawili tu kila upande, kisha nakaa bila fulana dakika kumi. Asubuhi naoga kama kawaida. Ile kinga haiondoki kwa maji, iko ndani ya vijitundu. Ukianza, paka usiku tatu au nne mfululizo ndipo upime. Baada ya hapo wengine hutosheka na mara mbili au tatu kwa wiki. Usipake kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa, itawasha. Subiri mpaka kesho yake.

Hapa pana mkanganyiko mmoja wa madukani. Deodoranti ya kawaida hupambana na harufu tu, haizuii maji. Geuza chupa usome viambato: ukiona jina linaloanza na alumin, hiyo ni ya kuzuia jasho. Usipoliona, utanukia vizuri lakini duara la maji litakuwepo palepale. Shabu, lile jiwe jeupe la sokoni ambalo vinyozi hupaka baada ya kunyoa, nayo ni nzuri kwa kikwapa: unalilowesha, unalipitisha kwenye ngozi safi mara tano sita, unaacha pakauke. Linapunguza bakteria. Kuzuia maji haliwezi sana, usilitegemee kwa shati la kijivu. Limau la kupaka kwapani nimeliacha kabisa, na naomba na wewe uliache: asidi yake inachubua, na ngozi yenye limau ikipigwa na jua inaweza kuungua.

Kuhusu mavazi, singlendi ya pamba ndiyo inayobeba kazi kubwa, ila iwe na mkono mfupi. Ile ya kamba mabegani inaacha kwapa likigusana na shati moja kwa moja, kwa hiyo inakupa joto bila kinga. Halafu vua jaketi kabla hujaanza kutembea, hata kama kibaridi kinauma kidogo dakika tano za kwanza. Ukisubiri mpaka usikie joto, shati limeshalowa.

Mashati mengi tunayonunua, ya mitumba na hata mapya, yana tundu la mkono linalobana juu kwapani. Kitambaa kikigusa ngozi muda wote, kitanyonya muda wote. Mwambie fundi: "Fundi, naomba unishushie kwapa sentimita mbili, na mkono uufuate." Asishushe zaidi ya hapo, maana ukiinua mkono kushika bomba la daladala shati zima litachomoka kwenye suruali. Na ukiwa kwa fundi mwombe vipande vya fulana ya pamba akutengenezee vikinga, yaani vitambaa vya kunyonya jasho vinavyokaa ndani ya shati kwapani. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo nakieleza kwa kituo.

Kata kwenye boksi umbo la jani, urefu sentimita 18, upana wa katikati sentimita 12. Hicho ndicho kigezo. Kwa kila kwapa kata vipande viwili vya pamba laini ya fulana na kimoja cha flaneli. Flaneli ikae katikati, yenyewe ndiyo inayohifadhi maji. Shona ukingo wote kwa zigizaga, usipinde, maana pindo litaonekana nje kama mstari. Likunje jani kwa urefu: nusu moja ilale upande wa mwili wa shati, nusu ya pili iingie kwenye mkono, na ule mkunjo ukae juu ya mshono wa kwapa. Lishikize kwa bandi ya mkono, ile mishono ya muda, sehemu nne tu, mbili kwenye ncha na mbili pembeni, ukishika ukingo wa mshono wa shati badala ya kitambaa chenyewe, ili uzi usionekane nje. Jioni unakata bandi, unafua kikinga peke yake. Anayechoka kupiga bandi kila siku aweke vifungo vya kubonyeza. Kosa ninaloliona sana ni kutumia kitambaa cha poliesta kwa sababu kinateleza vizuri: hakinyonyi, jasho linapita pembeni na kutoka chini yake. Kosa la pili ni rangi. Chini ya shati jeupe, kikinga cheupe kinaonekana kuliko cha rangi inayokaribiana na ngozi yako. Chukua kahawia.

Rangi ya shati nayo ina siri zake. Kijivu, bluu ya maji na kaki ndizo zinazotangaza jasho kwa mbali, kwa sababu zikilowa hubadilika sana. Nyeupe inaficha ulowevu lakini inaonyesha unjano. Nyeusi na bluu nzito zinaficha vyote viwili, ila zikikauka zinaacha mstari mweupe wa chumvi na alama za roloni; alama hizo zifute zikiwa kavu, kwa soksi safi ya pamba, usizipake maji. Kitenge na mashati ya maua madogomadogo yanaficha kila kitu.

Sasa kufua. Doa la jana na doa la mwaka jana si kitu kimoja. Shati la leo livuliwe, ligeuzwe ndani nje, na kwapa lisuuzwe kwa maji baridi usiku huo huo, hata kama utafua Jumamosi. Dakika mbili tu. Usilitupe kwenye ndoo ya nguo chafu likiwa bichi, na usilifungie kwenye mfuko wa nailoni.

Doa lililokwisha kuota nalitoa kwa hatua mbili, na mpangilio wake una maana. Hatua ya kwanza ni asidi, kwa ajili ya chumvi za aluminiamu: kikombe kimoja cha siki nyeupe kwenye lita mbili za maji, shati likae humo dakika 30, kisha lisuuzwe mpaka harufu ya siki iishe. Ukiruka kusuuza, siki na dawa inayofuata zitauana nguvu, na siki ikikutana na haidrojeni peroksaidi kwenye chombo kimoja inatengeneza asidi kali ya kuwasha macho na koo.

Hatua ya pili, kwa nguo nyeupe za pamba tu, ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kuoshea vidonda. Ukipewa ya asilimia 6, changanya nusu kwa nusu na maji. Kijiko kimoja cha mezani cha bekingi soda, viwili vya peroksaidi, na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, vinatosha kwapa mbili. Bekingi soda, narudia. Magadi ya kuivishia maharage ni makali zaidi na yatakuchubua vidole. Paka upande wa ndani, sugua taratibu na mswaki wa zamani kufuata uelekeo wa nyuzi, acha kivulini dakika 30 hadi saa moja, usiache pakauke, kisha suuza. Doa la miaka linahitaji kurudiwa mara mbili au tatu, siku tofauti. Mchanganyiko unaobaki mwaga. Ukiufunga kwenye chupa unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Peroksaidi hufa ikikaa sana au ikipigwa na mwanga, ndiyo maana huuzwa kwenye chupa nyeusi. Kuipima ni rahisi huku kwetu: kata kiazi mviringo kibichi, dondoshea tone kwenye nyama yake. Likitoa povu jeupe papo hapo, dawa ni hai. Likikaa kimya kama maji, rudi dukani ukachukue nyingine kabla hujalilaumu shati.

Nguo za rangi usizipake peroksaidi kabla ya kujaribu tone moja ndani ya pindo na kusubiri dakika 15. Mara nyingi mimi naishia kwenye siki, kisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo hula protini, na havipendi baridi ya bomba zetu wala maji ya kuunguza. Changanya kopo moja la maji yaliyochemka na mawili ya bomba. Maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa kuwa mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mchanganyiko huo unakupa nyuzi kama 40, joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Loweka saa moja ndipo ufikiche. Sweta ya sufu na hariri zisiingie kwenye sabuni hiyo wala kwenye peroksaidi, maana nazo ni protini. Hizo osha kwa shampuu na maji ya vuguvugu, zikamue kwa kuzifunga ndani ya taulo.

Jambo linaloniuma nikiliona ni mama au dada wa watu kumimina dawa ya klorini, ile wengi tunaiita jiki hata kama chupa ina jina lingine, kwenye kwapa la shati jeupe la shule. Klorini ikikutana na mabaki ya jasho huzidisha unjano, na inakula nyuzi mpaka siku moja kwapa linachanika kama karatasi. Na kamwe usiichanganye na siki au limau. Inatoka gesi inayochoma mapafu.

Kabla ya pasi, tazama kwapa kwenye mwanga. Pasi, ya umeme au ya mkaa, inalipika doa kwenye kitambaa, na likishapikwa kulitoa ni shughuli nyingine. Kama bado lipo, rudisha kwenye beseni. Kama limetoka, anika nyeupe juani, na za rangi kivulini zikiwa ndani nje. Wenzetu wa Tukuyu ambako mvua haikatiki waanike chini ya upenu penye upepo, kwa hanga, mikono ikiwa imetanuliwa kwa kijiti ili kwapa lisijikunje. Pale panapochelewa kukauka ndipo ukungu na harufu ya uvundo huanzia.

Mwisho, jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au kupungua uzito, halihusiani na roloni wala siki. Hilo ni la kwenda kituo cha afya kupima kifua kikuu. Na anayelowa mchana kutwa hata akiwa amekaa kwenye baridi, amwone daktari pia. Zipo dawa za kuzuia jasho zenye nguvu kuliko za dukani, na kuna maradhi ya tezi ya shingoni na sukari ambayo hujionyesha hivyo.