Nimerudi Old Moshi, ugomvi nimeukuta palepale

"Umekuja kwa Desemba au umerudi kabisa?" Hilo nimeulizwa kuanzia stesheni hadi mlangoni kwa shangazi, na siwalaumu. Desemba mlima Kilimanjaro unajaa magari ya Dar, mbuzi wanachinjwa, ndugu wanagombana mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na Januari ikiingia wazee wanabaki na migomba yao. Mimi nimerudi kabisa. Miaka mingi nilikuwa Ujerumani nikihudumia wazee wa watu. Sasa ni zamu ya wa kwetu.

Nilipanda treni kutoka Dar kwa makusudi. Nilipoondoka nchini treni ya abiria ya kuja Moshi ilikuwa imeshakufa, ikafufuliwa Desemba 2019 mimi nikiwa mbali, nikaapa nitaipanda. Inachelewa, tusidanganyane, lakini ukiwa dirishani asubuhi, mashamba ya mkonge yakiwa yamekwisha na mlima ukaanza kujitokeza, unasamehe. Nawakumbusha vijana wa mjini kwamba reli haikuukuta mji hapo. Wajerumani waliianza Tanga 1893 na ilipofika huku 1911 iliishia chini, kwenye tambarare na joto. Mji ukaifuata ukashuka. Moshi yenyewe, ile ya Rindi, Mangi yaani mtawala wetu wa Kichagga, na boma la Wajerumani, ikaachwa huko juu na jina la Old Moshi. Kwa hiyo ninyi wa Double Road na mnara wa saa ni wapangaji wetu. Kodi mtalipa lini?

Siku chache baada ya kufika nilichukua bodaboda Kiboroloni nikapanda hadi Tsuduni. Barabara imebadilika, nyumba za ghorofa zimechomoza katikati ya migomba, na kahawa imepungua sana. Ndizi na parachichi zimechukua nafasi yake. Mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, uliokuwa ukipita nyuma ya shule, ambao tulikuwa tunachapwa kwa kuuchezea, bado upo, ila ndani yake sasa umelazwa mpira mweusi wa maji, na maji ni ya aliyelipia. Pale kwenye mti alikonyongewa Mangi Meli kuna sanamu yake. Wageni wanapelekwa, wanapiga picha. Utotoni kwangu tulikatazwa hata kuuelekezea kidole.

Kwa wasiojua: Meli alikuwa mwana wa Rindi. Alirithi kiti 1891 akiwa bado kijana, na Juni 1892 watu wake wakawapiga Wajerumani vibaya. Kamanda wao, von Bülow, akafia kwenye vita hiyo. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa chini ya gavana von Schele, na Old Moshi ikaanguka. Meli aliachwa kwenye kiti, lakini chini ya boma, watu wake wakitolewa kufanya kazi za Wajerumani. Kisha 2 Machi 1900 akanyongwa, yeye na wenzake, jumla watu 19. Hawakuwa wa Old Moshi peke yao. Alikuwapo Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho, na Lobulu wa Meru. Kichwa cha Meli kinaaminika kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekidai miaka nenda rudi.

Mwaka 2023 nikiwa bado huko, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba imepima vinasaba vya mafuvu kutoka iliyokuwa koloni lao la Afrika Mashariki, na matatu yamepata ndugu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa jina la Akida, mshauri wa Meli. Mengine mawili yakaonekana ni ya ukoo wa Kaaya wa Meru. Meli mwenyewe hakuwamo. Fikiria: zaidi ya miaka mia moja kwenye rafu, na kijana wa Old Moshi analisha wazee uji mitaa michache kutoka hapo bila habari.

Hadi hapo kila mtu anakubaliana na mimi. Tatizo linaanza sebuleni kwa shangazi.

Baba yangu ni wa Old Moshi, mama ni wa Marangu. Jumapili moja mjomba alikuja kunisalimia, na mpwa wangu wa kidato cha kwanza alikuwa anaandika kazi ya Historia ya Tanzania na Maadili kuhusu Mangi Meli. Ameandika vizuri: Wajerumani wabaya, Meli shujaa, akanyongwa, mwisho. Shangazi akamwambia, "Ongeza na Marealle wa Marangu. Yeye ndiye aliyemchongea."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Shemeji, tumeanza?"

"Sijaanza mimi. Alianza babu yenu."

"Babu yetu aliona mbali. Wenu alitaka kupigana na mizinga."

Mpwa wangu kalamu hewani. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba kwetu miaka 126 ni juzi.

Shangazi hakosei. Marealle alikuwa karibu sana na Kapteni Johannes, mkuu wa boma, na maneno kwamba Meli na wenzake wanapanga uasi yalimfikia Johannes kupitia kwake. Baada ya kunyongwa kwa wale, Marangu ikapanuka hadi Rombo. Hilo si siri, wala mjomba halikatai. Anachosema ni kwamba Marangu wao walishaonja: Mjerumani Carl Peters aliweka kituo pale 1891, akanyonga mtumishi wake na binti wa Kichagga, mambo ambayo baadaye yalimfukuzisha kazi hata huko kwao. Mtu aliyeishi na hao mlangoni, anasema mjomba, anajifunza kuongea nao. Na hata Marealle mwenyewe miaka michache baadaye ilibidi akimbilie kwa Waingereza Kenya. Hakuna aliyefaidi kwa muda mrefu.

Nikataka kukaa kimya, maana mgeni wa Ulaya akiongea sana anaitwa mjuaji. Lakini kijana wa bodaboda aliyenipandisha Tsuduni alikuwa ameshaniharibia utulivu. Ni wa Kibosho. Nilipomsimulia habari za Meli alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Bro, kwetu stori hiyo inaanza na Sina."

Na kweli. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa tishio kwa Rindi kuliko mzungu yeyote. Rindi alitia sahihi na Wajerumani 1885, akatuma wajumbe wake hadi Berlin 1889 (kwa hiyo sikuwa wa kwanza wa Old Moshi kwenda kutafuta maisha Ujerumani), na 1891 kamanda wa Kijerumani von Wissmann alipokwenda kuibomoa ngome ya Sina, watu wa Rindi walikuwa pamoja naye. Yaani mchezo ambao Marealle aliucheza juu ya Meli, baba yake Meli alishaucheza juu ya Kibosho miaka tisa kabla. Kila Mangi alimtumia Mjerumani kumaliza jirani. Mjerumani akawatumia wote kumaliza umangi wenye meno.

Nilivyosema hivyo shangazi alinitazama kama nimetukana kaburi. Mjomba akacheka hadi akapaliwa na chai, nikamgeukia na yeye: "Mjomba, hiyo haimsafishi Marealle."

Nasimama hapo. Habari wanayopewa wageni pale kwenye mti ina watu wawili tu, Mjerumani na Meli, na kwa kudai kichwa inatosha. Berlin hawahitaji kujua ugomvi wetu ili warudishe cha watu. Ila kwa watoto wetu haitoshi. Hiyo ya mpwa wangu inamfundisha kwamba mababu zake walikuwa wanakaa tu wakingoja kuonewa. Walikuwa watu wa siasa, wana hesabu zao, wanaoana na kupigana na kusalitiana, na hesabu zikawaendea kombo kwa kuwa hakuna aliyejua ukubwa wa aliyemkaribisha. Mimi ningependa kuwa mjukuu wa hao.

Mpwa aliongeza ukurasa mzima: Rindi, Sina, Marealle, wote. Mwalimu amempa alama nzuri na kumwandikia kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya swali.

Tarehe 2 Machi ijayo nataka twende Tsuduni kama familia, pande zote mbili. Mjomba amekubali kwa masharti: wa Kibosho nao waalikwe, na mbege, pombe yetu ya ndizi, itoke Marangu. Shangazi anasema watu waje, ila mbege ya Marangu hainywi.